Risiti

Dirisha namba saba, ghorofa ya pili,
kati ya leseni za mbwa na vibali vya mazishi.
Nimekuja kurudisha kadi.

Bi Munakata anainua macho, ananikumbuka.
Ndiye aliyetukabidhi, miaka minne iliyopita, theluji ikianguka,
akasahau kwamba yumo kazini, akapiga makofi
peke yake, mara tatu,
kisha akaona haya, akapanga upya kalamu zake.

Kadi yenyewe si kubwa. Yatosha mfuko wa shati.
Ina jina langu, Yasunobu, ina lake, Tokihiko,
na muhuri wa mji, umepinda kidogo.
Nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi:
Kadi hii haina nguvu ya ndoa.
Mmoja wenu akihama mji, irejeshwe.

Haikuwa na nguvu, naam.
Lakini ilitupatia nyumba ya halmashauri,
vyumba viwili na bomba linalovuja;
na usiku ule figo za Tokihiko zilipogoma
niliiinua pale mapokezi kama mtu anayeinua tochi,
na daktari akaketi, akaniambia mimi,
mimi, si binamu yake auzaye matairi,
yale ambayo huambiwa mtu wa nyumbani.

Urithi haikunipa. Wala nafuu ya kodi.
Katika daftari la ukoo yeye ana ukurasa wake, mimi wangu,
na kati yetu kurasa za watu tusiowajua.
Tulizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana
mradi kisidai kurudishwa dukani.

Sasa mama yake, miaka tisini na mmoja,
amesahau kuzima jiko mara mbili.
Anakaa ng'ambo ya mto, dakika kumi na mbili kwa baiskeli,
na ng'ambo ile hakuna dirisha namba saba.
Nilipiga simu. Kijana akanijibu kwa adabu nyingi:
"Suala hilo bado linachunguzwa."
Linachunguzwa tangu hajaota ndevu.

Sheria ni msumeno, husema watu, hukata mbele na nyuma.
Huu wetu hukata hadi ukingo wa mto,
kisha fundi huufuta, huutia alani, huenda zake kula.

Jana nilivuka daraja kwa miguu nikihesabu nguzo.
Kumi na nne. Je, kuanzia ya ngapi
mimi ni mpangaji mwenza?
Kati ya ya nane na ya tisa pana kibao cha mpaka.
Nikasimama hapo, mguu huku, mguu kule:
nusu yangu yaruhusiwa kumuuguza,
nusu yangu ingojee nje na wauza maua.
Mwanafunzi akapiga kengele ya baiskeli.
Nikampisha, yote mawili yangu.

Tokihiko hakuja leo. Alisema ana dialisisi.
Leo ni Jumatano. Dialisisi ni Jumanne.
Sikumsahihisha. Nilimwachia chai kwenye chupa.

Bi Munakata anaisoma kadi pande zote mbili
kana kwamba si yeye aliyeichapa.
"Kanuni yasema irejeshwe," sauti inamkwaruza.
Anafungua droo, anaitia, haifungi mara moja.
Kisha anaiacha kompyuta, anachukua kalamu ya wino,
anaandika polepole, kama anayeandikia jirani barua:

Imepokelewa kutoka kwa Yasunobu na Tokihiko,
wenzi,
kadi moja.

Tarehe. Muhuri, kwa mikono miwili.
Safari hii haukupinda.

"Hii ni risiti tu," asema. "Si kitu."
Naigeuza. Nyuma ni nyeupe,
hakuna sharti hata moja, hata la sisimizi.

Makofi hakupiga. Kulikuwa na foleni,
mwanamume mwenye mbwa asiye na leseni.

Nimeitia mfuko wa shati, pale pale.
Darajani upepo ulikuwa mkali, nikashika kifua.
Nguzo ya tisa sikusimama.